Akitimiza miaka 18, nani anampokea? Kijana mwenye ugonjwa wa akili huko Salamabila



Makutaniko yetu ya Kasongo na Kabambare yanajua vizuri kumpokea mtoto. Anabarikiwa mbele ya kanisa, anaingia shule ya Jumapili, baadaye kwaya ya vijana. Tunajua kumpokea bibi arusi, na tunajua kumpokea mgeni aliyekimbia vita na kufika na godoro kichwani. Lakini kuna mapokezi mengine ambayo hayana ibada yake, na hapo vijana wetu wengi wanapotea. Ni siku ile kijana aliyekuwa akisaidiwa kwa ugonjwa wa akili au kwa majeraha ya moyo anapoambiwa kwamba sasa yeye ni mtu mzima, na kwamba mahali alipozoea kuja si pake tena.

Makala hii inaeleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda huko Salamabila, kwa nini njia inakatika katikati, na kazi gani kutaniko linaweza kuifanya bila kungoja mradi mpya.

Salamabila iko wilaya ya Kabambare. Watu wa mbali wanaijua kwa dhahabu ya Namoya. Mgodi huo uliendeshwa na kampuni ya Banro ya Kanada mpaka mwaka 2019, iliposimamisha kazi baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi. Ninyi mnaokaa huko mnaijua pia kwa mambo mengine: mapigano kati ya jeshi na Maimai Malaika, vijiji vikihama usiku, wavulana wakichukuliwa au kujiunga wenyewe, wasichana na mama zao wakibakwa njiani kwenda shambani. Kwa sababu ya hayo, misaada ilifika. Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, wamefanya kazi Salamabila wakisaidia hospitali na vituo vya afya, wakihudumia waliobakwa na wale ambao mioyo yao ilivunjika. Mashirika ya kulinda watoto nayo huanzisha katika sehemu kama hizo mahali pa watoto kucheza na kusikilizwa, na njia ya kuwarudisha nyumbani watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Humo ndimo mtoto anapokutana na APS, yule msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Wengi wetu tumewaona watoto waliokuwa hawasemi neno wakaanza tena kucheka.

Kazi hiyo ina mpaka wake wa umri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto katika nchi yetu, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Ni sheria njema. Ndiyo inayokataza kuwaingiza watoto katika majeshi na makundi ya silaha, na bila hiyo wengi wasingepata msaada wowote. Ila fedha za kuwahudumia watoto zinafuata mstari huo huo. Aliyevuka mstari anatoka katika hesabu ya mradi, hata kama bado anaota ndoto mbaya kila usiku, hata kama bado anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Na mstari wenyewe kwetu haunyooki. Watoto wengi hawakuandikishwa kwenye ofisi ya serikali walipozaliwa, hasa wale waliozaliwa porini au safarini. Basi umri unakadiriwa kwa macho. Mvulana mrefu mwenye ndevu anaambiwa amekwisha kuwa mtu mzima akiwa na miaka 16, na msichana mwenye mtoto mgongoni haulizwi hata umri. Wachungaji, daftari lenu la kubariki watoto lina kazi hapa. Tarehe iliyoandikwa humo imeweza kumsaidia mtoto zaidi ya maneno mengi ya wakubwa.

Mlango wa pili

Upande wa watu wazima kuna nini? Kuna kituo cha afya, na juu yake hospitali kuu ya zoni. Wizara ya afya ina Programu ya Taifa ya Afya ya Akili, na mpango ni kwamba magonjwa ya akili yahudumiwe kwanza hapo hapo kituoni, na muuguzi wa kawaida aliyefundishwa. Shirika la Afya Duniani lilianza kuzisukuma nchi zote kwenye njia hiyo mwaka 2008, kwa sababu madaktari wa akili hawatoshi. Kwetu upungufu huo unaonekana wazi. Ukitafuta nyumba ya matibabu ya akili yenye watu waliosomea kazi hiyo, utatajiwa SOSAME ya Mabruda wa Upendo huko Bukavu. Kutoka Salamabila hiyo ni safari ambayo jamaa nyingi haziwezi kuianza.

Kwa hiyo mlango wa pili ambao kijana ataufikia kweli ni kituo cha afya cha mtaani. Si mlango mbaya. Wakubwa wa Kasongo watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 madaktari walioshirikiana na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp walijaribu Kasongo mpango wa kuunganisha hospitali moja na vituo vidogo vinavyoizunguka, kila kituo kikiwajua watu wake. Nchi ilipogawanywa katika zoni za afya katika miaka ya 1980, ujuzi wa Kasongo ulikuwa umekwisha kuonyesha njia. Ni jambo la kujivunia. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba muuguzi amjue mgonjwa, na akikosa kurudi, atafutwe.

Lakini kijana wetu anaona nini anapofika? Kwenye mradi wa watoto aliingia bure, akaketi kwenye mkeka na mtu aliyemjua kwa jina. Kituoni anapanga mstari pamoja na wenye malaria na mama wenye mimba. Ananunua fishi. Muuguzi, ambaye ana watu wengi wanaongoja nyuma, anamwuliza mbele ya mlango ulio wazi: una shida gani? Kijana anajibu: kichwa kinaniuma. Anapewa parasetamoli, anaenda nyumbani, na harudi tena. Kwenye daftari la kituo ameandikwa mtu wa kichwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ila yote ambayo APS alikuwa ameyajenga kwa mwaka mzima yamebaki upande wa pili, na hakuna aliyeyavusha.

Umri mbaya wa kukatiwa njia

Tungeweza kusema: basi, amekua, atajitegemea. Lakini umri huu ndio hasa magonjwa ya akili yanapoingia. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya magonjwa hayo huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14, na mengi hayatambuliwi. Ule ugonjwa mzito ambao watu wanauita kichaa, wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo, mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya 20 na kitu. Tena shirika hilo lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika sehemu zilizopitia vita kwa miaka 10 iliyotangulia, watu 22 katika kila 100 wana ugonjwa fulani wa akili, mdogo au mkubwa. Hiyo ni kama mmoja kwenye kila watu watano. Hesabuni benchi la kwaya yenu.

Ongezeni na maisha yenyewe. Kwenye miaka 18 hivi kijana anafika mwisho wa shule na mtihani wa Taifa, au anaacha shule kwa kukosa karo. Mvulana anashuka mashimoni kutafuta dhahabu, mahali ambapo bangi na pombe kali vinapatikana kuliko maji safi, na ambapo mwenye hofu anavitumia ili aweze kuingia shimoni. Msichana anaolewa na kuhamia kijiji cha mume, ambako hakuna anayejua kilichompata, na yeye mwenyewe hataki wajue. Kwa yule aliyetoka katika kundi la silaha kuna jambo jingine. Akiwa mtoto, alihesabiwa kama aliyedhulumiwa. Akivuka 18 anatazamwa kama mpiganaji wa zamani, na faili lake linaelekea kwa P-DDRCS, programu ya serikali iliyoundwa mwaka 2021 kwa ajili ya kunyang'anya silaha na kurudisha watu vijijini. Mtu ni yule yule, na usiku wake ni ule ule.

Si kwetu tu

Msifikiri jambo hili linatokea kwa sababu sisi ni maskini. Uingereza ina kliniki za akili za watoto na nyingine za watu wazima, na karatasi hazikosi. Mwaka 2010 Dkt. Swaran Singh na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana 154 waliofikia umri wa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine. Miongoni mwa wale waliohama, waliohamishwa vizuri hawakufika hata 5 katika kila 100. Wachunguzi walikuwa wameeleza kuhamishwa vizuri maana yake ni nini: mpango umefanywa mapema, habari za mgonjwa zimefika kule anakokwenda, watu wa pande mbili wamekutana naye pamoja, na baada ya kuhama ameendelea kuhudumiwa bila kukatika.

Yatazameni mambo hayo manne. Hakuna hata moja linalohitaji mashine au jengo. Mwongozo uliotolewa huko Uingereza mwaka 2016 ukaongeza la tano, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa: kila kijana awe na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, wa kumsindikiza angalau miezi 6 kabla ya kuhama na miezi 6 baada yake. Hapa kanisa lina kitu ambacho mradi hauna. Mradi una mwanzo na mwisho, na gari lake linaondoka mapigano yakikaribia. Mama wa kanisa wa mtaa ule bado atakuwa pale mwaka ujao, na kama amekimbia, amekimbia pamoja na watu wake.

Huko Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi karibu na kituo cha afya. Uchunguzi wa watu wazima 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosikilizwa na bibi hao walikuwa na huzuni na mahangaiko kidogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa, walisimamiwa, na walijua mgonjwa gani amewazidi nguvu na lazima aende kwa daktari. Neno hilo la mwisho tulishike, kwa maana bidii yetu ya kusaidia mara nyingine inasahau kusimamiwa.

Mtu wa kuvusha

Katika Matendo sura ya 9, Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa. Walikuwa na sababu. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume, akasema habari zake kwa niaba yake. Hakumpa Sauli barua na kumwambia aende peke yake. Hakumngoja mlangoni pia. Aliingia naye.

Kutaniko linaweza kuchagua watu wawili au watatu wa kazi hiyo. Awe mtu mzima anayekaa hapo hapo, ambaye jina lake halitajwi kila penye maneno ya watu. Kwa msichana aliyebakwa, awe mama. Asiwe mchungaji mwenyewe, maana mchungaji anahamishwa na tena kila mtu anaona anayeingia nyumbani kwake. Reko wa afya ambaye pia ni mwamini anafaa sana, kwa kuwa wauguzi wanamjua tayari.

Kazi yake inaanza kabla kijana hajafikisha 18, au kabla mradi haujafungwa, kwa vile mara nyingi mradi ndio unaotangulia kumalizika. Anakwenda kwa APS pamoja na kijana na kuuliza: nani atampokea? Halafu anakwenda kituoni siku isiyo ya watu wengi, anazungumza na muuguzi mkuu, anaomba saa ambayo kijana anaweza kuonwa mlango ukiwa umefungwa. Siku ya kwanza wanakwenda watatu: kijana, APS, na mtu wa kuvusha. APS anaongea na muuguzi kijana akiwapo na akisikia kila neno. Siku ya pili wanakwenda wawili. Siku ya tatu kijana anakwenda mwenyewe, na jioni mtu anapita nyumbani kumsalimu. Ni hayo tu. Lakini muuguzi aliyekwisha kuambiwa hatamwandikia tena parasetamoli kwa ndoto za vita.

Barua, na hatari yake

Habari za mgonjwa zinapaswa kufika, na kwa kawaida zinafika kwa karatasi. Hapa lazima twende polepole. Karatasi inayosema kwamba kijana huyu alikuwa katika kundi fulani inaweza kumwua kwenye bariere. Karatasi inayosema msichana huyu alibakwa inaweza kuvunja ndoa yake mume akiikuta chini ya godoro. Watu wa nchi za amani wanaosifu faili nene hawajabeba karatasi mbele ya mwenye bunduki.

Basi barua iwe fupi, ya mtu wa afya kwa mtu wa afya. Iseme dalili: halali usiku, anashtuka kwa kelele, aliwahi kujaribu kujiua, anaanguka kifafa. Iseme dawa kwa jina lake, kipimo chake, na tangu tarehe gani. Iseme nini kilimsaidia na nini kilimzidishia. Iseme dalili gani zikionekana apelekwe hospitali. Kundi la silaha lisitajwe, na ubakaji usitajwe isipokuwa kijana mwenyewe ameomba na kuna matibabu yanayotegemea habari hiyo. Yale mazito yasemwe kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa, na kijana ndiye anayeamua yasemwe kiasi gani. Barua ibebwe na APS au muuguzi inapowezekana. Kanisa lisitunze nakala. Na tafadhali, yasigeuzwe kuwa ombi la maombi la Jumapili asubuhi lenye jina na habari zote. Tumeona siri za watoto zikizunguka mtaa mzima kwa sababu ya upendo mwingi wa kikundi cha maombi.

Kijana akifikisha 18, jambo jingine linabadilika. Mbele ya muuguzi, anayekubali au kukataa matibabu ni yeye. Baba na mama wanaumia kusikia hivyo, hasa mama aliyelala naye hospitalini. Wasifukuzwe, ila wajifunze kuketi nje kwa dakika chache, kisha waitwe ndani kijana akikubali. Wengi wanakubali. Wanachokataa ni kusemewa kama vile hawapo.

Dawa, maombi na kufunga

Hapa nitasema wazi, kwa kuwa makosa yanatendeka ndani ya nyumba zetu za ibada. Kijana mwenye kifafa anayetumia fenobarbitali akiiacha ghafula, anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, na mtu anakufa kwa hali hiyo. Anayetumia dawa za kutuliza sauti za kichwani akiziacha, kwa kawaida ugonjwa unarudi, hata kama majuma ya kwanza anaonekana mzima na watu wanashukuru. Siku za kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine ndizo siku dawa zinapokwisha, kwa maana mradi umempa za mwezi mmoja tu na kituo hakina akiba. Mtu wa kuvusha aulize mapema, wiki kadhaa kabla: dawa hii ipo kituoni? Kama haipo, hospitali kuu inayo? Kama hakuna mahali, daktari aamue dawa ya kubadilisha, na njia ya kupunguza ile ya zamani polepole. Asiamue mtu mwingine yeyote.

Chumba cha maombi kinachomfunga mgonjwa kamba au mnyororo, kinachomnyima chakula siku tatu na kumwambia aache vidonge ili imani yake ionekane, kinafanya jambo la hatari, hata nia ikiwa njema. Tuombe kwa ajili ya wagonjwa. Tuwawekee mikono. Ila anayemeza dawa ameze na chakula, na asiwekwe kwenye programu ya kufunga. Wazee wa kanisa wana mamlaka ya kulisema hili, na mara nyingi neno lao linasikiwa kuliko la muuguzi.

Kuhusu kujiua, wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watampa kijana wazo hilo. Sivyo. Kumwuliza kwa upole kama anafikiria kufa hakumsukumi afanye hivyo, na mara nyingi kunamfungulia mdomo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Kamba, dawa za shamba na vidonge vyote viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku ile ile, si baada ya ibada.

Fedha

Jambo dogo linalokatisha safari nyingi ni bei ya fishi. Huduma ya watoto ilikuwa bure, ya watu wazima inalipwa. Kijana asiye na kazi hataomba fedha kwa baba yake kwa ugonjwa ambao baba hauamini. Mashemasi wanaweza kutenga katika sadaka ya wahitaji malipo ya mara tatu za kwanza kwa kila kijana anayevushwa. Si mzigo mkubwa kwa kutaniko, kwani vijana hawa hawazidi wachache kwa mwaka. Wapewe kituo moja kwa moja, bila kutangazwa ni kwa ajili ya nani. Baada ya mara tatu kijana amekwisha kuzoeana na muuguzi, na jamaa yake imekwisha kuona tofauti, na hapo baba mwenyewe huanza kutafuta fedha.

Kama atahama

Vijana wa Salamabila hawakai. Leo yuko nyumbani, mwezi ujao yuko kwenye machimbo, mwaka ujao Kasongo au Kindu. Akisema anaondoka, asikatazwe kwa maneno makali, maana ataondoka usiku. Aulizwe anakwenda wapi na kwa nani. Aondoke na dawa za kutosha, na jina la kituo kilicho karibu na huko. Mtu wa kuvusha, akiwa na ruhusa ya kijana, ampigie simu mwenzake wa kutaniko la kule, iwe ni jumuiya yetu au nyingine ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Aseme tu kwamba kuna kijana anakuja, jina lake ni hili, anahitaji kuonyeshwa kituo cha afya kilipo. Ugonjwa wenyewe asiutaje kwenye simu. Baada ya wiki mbili apige tena kuuliza kama amefika.